Pikapu ya dizeli ya kuvutia tela, naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu. Nimezoea petroli, sasa nina pikapu ya dizeli yenye turbo, gia otomatiki. Kazi yake ni kuvuta tela la tani 2. Ikiwa tupu haina neno, ila nikipanda mlima na mzigo mshale wa joto unapanda na giaboksi inahangaika, inapanda gia na kushuka. Rejeta safi, feni inazunguka. Nizime ovadraivu (ile gia ya juu kabisa ya mwendo wa kasi) kwanza nione, au nifunge kabisa rejeta ndogo ya oili ya giaboksi?

Halafu filta ya dizeli nimeikuta na maji chini, nikayamwaga. Naogopa maji yasiharibu nozeli zinazopuliza dizeli kwenye injini, bei zake mnazijua wenyewe! Kwa wanaovuta mizigo, oili ya injini mnabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema?