My Girl 2: mlioiona, tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Filamu ya My Girl ya 1991 haihitaji utambulisho: binti Vada, rafiki yake Thomas J., wale nyuki waliomuua, na ile siku ya mazishi iliyoliza watu wazima. Ila ukisema ina sehemu ya pili, ya 1994, unaulizwa kama unatania. Na si watu wengine walioiba jina. Mwongozaji ni yuleyule Howard Zieff, na Anna Chlumsky, Dan Aykroyd na Jamie Lee Curtis wote wamerudi. Mlioiona, iliwagusa wapi, au iliwaudhi wapi? Hadithi itafunuliwa humu, ambaye hajaiona apite kwanza.

Naanza mimi. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo mno, hata sauti yake siikumbuki. Kwenye hii muvi tuko 1974, Vada ana miaka 13, mwalimu kawapa kazi ya kuandika habari za mtu wanayemheshimu ambaye hawajawahi kukutana naye. Yeye anamchagua mama yake, aliyefariki punde baada ya kumzaa. Alichoachiwa ni kisanduku tu, na ndani yake mna mfuko wa karatasi ulioandikwa tarehe. Tarehe ya nini? Anamuuliza baba, baba naye hajui kitu. Hapo nikaisimamisha kwanza. Mimi nina pochi ya mama, na ndani mna risiti iliyofifia. Nyuma kaandika namba ya simu kwa mkono wake, tarakimu ya mwisho imefutika. Nimewauliza ndugu wote. Hakuna anayejua ni ya nani.

Jibu la 1
Pole sana mkuu. Mimi nitakuwa mkorofi kidogo: ilinichosha. Niliikodi enzi za kaseti kwa ajili ya Macaulay Culkin, aliyeigiza Thomas J., na Culkin hayumo (najua, Thomas J. alishakufa kwenye ya kwanza, lakini mtoto hakosi matumaini). Badala yake kuna Nick (anaigizwa na Austin O'Brien), anayemtembeza Vada aliyekwenda Los Angeles kutafuta habari za mama yake, na kila kona analalamika kwamba likizo yake inaliwa na mgeni. Kijana si mbaya, ila penzi lao naliona limebandikwa tu. Ya kwanza ilikuwa na kidonda. Hii ni mtoto anatembea mjini akiuliza maswali.

Jibu la 2
Kuuliza maswali ndiyo hadithi yenyewe, mkuu. Na kuna swali moja humo lilinikalisha. Vada anagundua mama yake aliwahi kuolewa na mwanamume mwingine, Jeffrey, kabla ya baba anayemjua. Hofu inamwingia: je, baba yangu ni nani? Anakwenda kumuona huyo bwana, anaambiwa hapana, si yeye. Anashusha pumzi.

Mimi jibu langu lilikuwa ndiyo. Nilikuwa mkubwa kuliko Vada nilipoambiwa kwamba baba aliyenilea si aliyenizaa. Kwa hiyo naona waandishi walikwepa. Walifungua mlango wakaufunga haraka kabla baridi haijaingia. Hata hivyo ile sura yake akisubiri jibu ndiyo yenyewe kabisa. Hutaki kujua, na huondoki.

Jibu la 3
Nyote mmeruka ile sehemu ya mkanda! Jeffrey anamwekea picha za zamani za mama yake, anamuona anatembea, anacheka, anaimba Smile, ule wimbo ambao muziki wake ulitungwa na Charlie Chaplin. Mama aliyekuwa picha za mgando tu ghafla ana mikono inayocheza. Halafu mwishoni Vada anakuja kumwimbia mdogo wake mchanga wimbo huohuo. Mimi nililia pale, kwa Thomas J. sikulia, mnisamehe.

Mwanzisha uzi
Jibu la 3, sina mkanda wowote wa mama. Hiyo sehemu huwa naipeleka mbele.

Jibu la 4
Samahani kuingilia. Nina binti wa miaka tisa, naweza kumwonyesha hii bila ya kwanza?

Mwanzisha uzi
Unaweza, dada, inaeleweka yenyewe na haina vitisho. Ila atauliza Thomas J. ni nani, kwa hiyo jiandae kuionyesha ya kwanza wiki hiyohiyo. Hiyo usimwache aitazame peke yake.