Nimelipa milioni 2.4 Altezza yangu ikakatwe springi kwa grainda

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mtanivumilia. Na yule wa kuniambia "uza ununue IST" apite kimya kimya.

Nina Toyota Altezza RS200, ile ya chesisi SXE10, gia sita za mkono. Jumapili moja moja mimi na washkaji tunapanga koni kwenye yadi ya zege kule Kigamboni, mwenye eneo katuruhusu, tunaingia gari moja moja na saa mkononi. Autokrosi. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2, kama SCCA, chama cha mbio za magari, wanavyofanya Marekani. Muda wote uko gia ya pili, 70 huifikii. Kwa hiyo pale injini haikusaidii kitu kama tairi na shokapu ni za kubahatisha.

Nikaenda kwa jamaa mmoja wa rimu huku mjini, mkononi nina karatasi nimeandika kila kitu: rimu inchi 17 upana 8, tairi 225/45 za mpira laini, zile zenye namba 200 ya uchakavu ubavuni, shokapu ngumu kiasi, gari ishuke sentimita 2, mwisho alaimenti. Akaisoma mpaka chini. "Kaka, hii kazi ndogo, pitia kesho jioni." Nikalipa yote. Najua, najua, nimeshajitukana vya kutosha.

Kesho yake nakuta gari imelala kama mjusi. Rimu za 18, nyeusi, zinang'aa, eti za 17 ziliisha. Simu yangu wanayo, hakuna aliyepiga. Nauliza shokapu ziko wapi, naambiwa za kwangu bado nzima, ndiyo maana "wamerekebisha" springi. Kurekebisha kwao ni grainda! Koili moja na nusu kila springi. Mwanangu, springi ukiipunguza koili inazidi kuwa ngumu, na shokapu haina tena nafasi ya kushuka, inakaa juu ya raba yake ya mwisho. Nilivyoipandisha jeki nyumbani, springi ya nyuma kulia ikawa inacheza kwenye kikombe chake, naizungusha kwa mkono. Nikampigia. "Kaka, lakini si umeona ilivyokaa? Watu wataisimamisha njiani waulize." Mimi nimeomba kuulizwa njiani?

Tairi "mpya" zilikuwa 215/40. Nikapapasa ubavuni nikakuta namba ya DOT, ile inayoonyesha tairi limetengenezwa lini, inaishia 3414. Kwa wasiojua, hiyo ni wiki ya 34 mwaka 2014. Limeng'arishwa kwa dawa, limekauka kama soli ya kandambili. Moja na rimu yake nikaliweka kwenye mizani ya muuza mchele wa mtaani: kilo 23 na ushee. La zamani, 20. Muuza mchele naye akanicheka.

Hayo ni ya pesa. Lililonitia wazimu ni nati.

Rimu hizi za dukani tundu la katikati ni milimita 73.1, zitoshe magari mengi. Habu ya Altezza ni 60.1. Hapo katikati inatakiwa ringi ya kuziba pengo ili rimu ikae sawasawa. Hawakuweka. Bila ringi, kinachoiweka rimu katikati ni nati peke yake, nazo lazima ziwe za koni, yaani zilizochongoka mdomoni, maana matundu ya hizi rimu nayo yamechongwa hivyo hivyo. Wao wamerudisha nati zangu za kiwandani, zenye washa bapa! Washa bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingoni tu, inapigwa bunduki ya upepo mpaka inalia, unadhani imekaza.

Jumapili ile mzunguko wa kwanza tu, kona ya tatu, mkia ukaondoka ghafla bila hata kunionya. Koni nne chini, sekunde 8. Nikasema basi, narudi nyumbani. Juu ya Daraja la Kigamboni usukani unatetemeka, nikadhani balansi. Nafika Kurasini nasikia ko, ko, ko. Nikaegesha. Tairi la mbele kushoto, nati mbili nilizifungua kwa vidole. Vidole, wakuu! Nyuma yangu kulikuwa na lori la makontena.

Alaimenti nimekuja kuifanya mwenyewe sehemu nyingine. Mashine ikaonyesha nyuma kushoto tairi limelala nyuzi 2.5 ndani, kulia nyuzi 1, na yote mawili yanatazama nje kama bata. Kule kwa jamaa hawakugusa chochote, ila kwenye risiti imo, elfu 60.

Nimerudi kudai. Rimu na tairi wanasema watachukua kwa nusu bei, "zimeshatumika". Springi hazirudi, zimekatwa. Tairi zangu za zamani nikaziulizia. Kijana mmoja akatazama pembeni. Nikageuka, nikaziona zimevaa Altezza ya fedha inayosubiri mteja hapo hapo uani.

Fundi wa rimu, kama unasoma humu, ile ya mbele kulia ina kiraka changu cha ndani, na picha ninayo.

Wengine: springi nzima za SXE10, mbele na nyuma, nani kaziona Ilala au Gerezani? Nataka nizishike kwa mkono kabla ya kulipa. Na nati za koni za 12 kwa 1.5, ishirini.