Ukisugua sarafu sema umesugua! Mmetuchosha na rupia "haijaguswa" zinazonuka dawa ya meno

Wakuu, habari za leo. Sina salamu ndefu, nina hasira.

Mlioniuliza kila wiki kuhusu sarafu yangu ya rupia mbili ya 1893 niliyoipeleka Marekani kupimwa gredi, majibu yametoka. Haikupewa namba, ile ya ubora ya 1 hadi 70. Kikaratasi ndani ya kasha la plastiki kimeandikwa "AU Details", na mbele yake "Cleaned". Kwa wageni: hiyo maana yake sarafu ni halisi, haijachakaa sana, lakini kuna mtu aliisugua. Namba hupati, na mnunuzi wa maana akishaona hilo tangazo lako analipita bila hata kuuliza bei.

Kwa wasioijua sarafu yenyewe, hizi za rupia mbili ziligongwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, kwa ajili ya ile Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Gramu 23.32 za fedha ya 917 (yaani sehemu 917 kati ya 1000 ni fedha tupu). Upande mmoja Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wao, na kofia yake ya chuma yenye tai, upande wa pili simba na mnazi. Rupia moja moja zimejaa kila mahali, hata mama muuza mitumba anaweza kukutolea. Hii ya mbili unaitafuta mpaka nywele zinaota mvi. Kwa hiyo ilipotokea humu jukwaani, nikauza vitu vyangu vingine nikainunua, na bei haikuwa ya kitoto.

Aliyeniuzia ni mkongwe wa humu. Simtaji, sheria za jukwaa zinakataza na mimi sitaki kufungiwa. Anajijua, na nusu yenu mnamjua. Kwenye tangazo aliandika kwa mkono wake: "Haijaguswa, imetoka moja kwa moja kwenye sanduku la marehemu mzee, Pangani." (Hivi mmewahi kuona rupia humu ambayo haikutoka kwenye sanduku la marehemu mzee? Wazee wa Pangani walikuwa na masanduku mangapi?)

Sasa sikilizeni jinsi alivyonijibu nilipomtumia picha ya lile kasha. Kwanza kimya. Kisha: "Mkuu, huenda uliisugua mwenyewe njiani." Njiani! Sarafu iliyokaa kwenye kifuko chake tangu niipokee hadi mpwa wangu wa Minnesota alipoikabidhi kwa wapimaji. Basi nikarudi kwenye picha za tangazo lake, zile zile alizopiga yeye, nikazikuza. Shingoni kwa Kaiser na kwenye uwanda (ile sehemu tupu isiyo na mchoro) ulio mbele ya pua yake kuna mikwaruzo myembamba, mingi, yote imelala upande mmoja. Hiyo ni njia ya mswaki. Sarafu iliyopita mikono ya watu miaka mia inapata mikwaruzo ya kila upande, haipangi foleni. Nimeweka picha hapo chini, nimezungushia nyekundu. Naomba na yeye aje azungushie sehemu niliyoisugua mimi.

Nilipombana zaidi ndipo akatoa lile lililonifanya nifungue uzi huu. Akasema: "Vunja kasha, itoe, iuze humu humu. Watu hawatajua."

Rudieni kuisoma hiyo sentensi. Hao "watu" wasiojua ni sisi. Ni wewe unayesoma hapa ukidhani utaokota rupia nzuri kabla ya mwisho wa mwezi. Kumbe ndivyo zinavyozunguka! Mmoja anasugua, anamuuzia wa pili, wa pili anapeleka kupimwa, inarudi na doa la "Cleaned", anavunja kasha, anamuuzia wa tatu na hadithi mpya ya sanduku. Sishangai sasa kwa nini kuna sarafu moja ya rupia mbili yenye kovu karibu na mkia wa simba niliyowahi kuiona kwenye matangazo ya watu tofauti, kila mmoja akiwa amerithi kwa babu yake.

Na nyie wakongwe wengine mlionijia kwa ujumbe wa faragha kunishauri "nisimchafulie mzee wa watu jina", mmoja wenu akaniambia nihesabu hasara kama ada ya kujifunza. Ada ya kujifunza nini? Kwamba neno "haijaguswa" humu halina uzito? Hiyo ada mngekuwa mnaitangaza mapema, pale juu ya jukwaa, kila mtu aijue kabla hajatoa pesa.

Pale juu kwenyewe ndipo ugonjwa ulipo. Wasimamizi, nawauliza kwa heshima zote: ule uzi wa njia rahisi za kung'arisha sarafu za zamani unafanya nini hadi leo umebandikwa kileleni? Ndimu na chumvi. Ukwaju usiku kucha. Majivu. Dawa ya meno na mswaki laini, eti laini! Kila mchangiaji na picha ya kabla na baada, na chini yake makofi na "umetisha mkuu". Nimeona humo heller (sarafu ndogo ya shaba ya Wajerumani) ya 1904 iliyokuwa na rangi nzuri ya chokoleti, rangi iliyochukua zaidi ya miaka mia kutengenezwa, mtu kaigeuza waridi kwa nusu saa ya ukwaju, na watu wakamshangilia.

Acha nieleze mara moja tu, maana inaonekana hakuna anayeeleza. Mng'ao wa sarafu mpya si rangi iliyopakwa juu. Muhuri unapoibana fedha kwa nguvu, madini yanatambaa kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari midogo sana ambayo jicho haliioni. Ukiiinamisha sarafu chini ya taa, mwanga unazunguka juu yake kwa sababu ya hiyo mistari. Mswaki unakata vichwa vya hiyo mistari. Baada ya hapo sarafu inaweza kumeremeta kuliko siku iliyotoka kiwandani, lakini mwanga hauzunguki tena, umekaa tu mahali pamoja. Mpimaji anaona hilo kwa sekunde chache, kabla hata hajachukua lenzi. Na hakuna dawa ya kuirudisha. Weusi ule mnaouita uchafu ndio ushahidi kwamba hakuna aliyeichokonoa.

Halafu watu hao hao, zikirudi na doa, wanaanza ule wimbo: wazungu wanatuonea, wanatubania gredi makusudi ili waje wanunue kwa bei ya kutupa. Jamani. Anayepima anawekewa sarafu mezani, haoni jina la mtu aliyeileta. Haijui Tandika wala Mwanjelwa. Anaona Kaiser mwenye mikwaruzo shingoni.

Sisemi wao ni malaika. Wamenitoza ada kamili kwa neno moja la Kiingereza, hakuna hata mstari wa pili wa kunionyesha wameona nini na wapi. Na kwenye sarafu za Tabora mimi na wao hatutaelewana. Mwaka 1916 manowari za Waingereza zimeziba pwani, hakuna sarafu inayoingia kutoka Ujerumani, Wajerumani wakaamua kugonga za kwao kwenye karakana ya reli pale Tabora: heller 5, heller 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji. Hizo heller 20 ziligongwa kwa haraka, kwa mihuri iliyochoka, nyingine taji halikutokea vizuri hata siku ya kwanza. Mpimaji aliyezoea dola za kiwanda cha Philadelphia akiona hivyo anadhani imechakaa, anakushusha. Hapo kulalamika ni haki yetu, na ningefurahi jukwaa zima lilalamike. Lakini tutasikilizwaje wakati nusu ya tunazopeleka zimesuguliwa kwa majivu?

Kipimo chenyewe cha 1 hadi 70 kina vituko vyake. Alikianzisha Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao tu, na 70 ilitokana na bei: sarafu bora kabisa ilihesabiwa thamani mara sabini ya ile iliyochakaa hadi mwisho. Baadaye dunia nzima ikakibeba. Na bwana Sheldon huyo huyo, baada ya kufa ikaja kubainika kwamba alikuwa akichukua senti nzuri za Chama cha Numismatiki cha Marekani na kuweka zake mbovu mahali pake. Kwa hiyo wezi kwenye mambo haya hawakuanzia humu, naelewa. Ila senti alizochukua wa kwao walizifuatilia mpaka mahakamani hata yeye akiwa kaburini. Wa kwetu tunamwita mzee wa watu.

Jambo jingine. Ninazo rupia zenye tundu, na moja yenye kikonyo alichochomelea sonara, za mikufu ya kina bibi. Ninayo na reale moja ya Maria Theresa, zile zilizoandikwa 1780 zote hata zilizogongwa karne ya ishirini, nayo imetobolewa. Wapimaji wanaziita zimeharibika na mimi sijawahi kulalamika hata siku moja. Tundu la sonara halimdanganyi mtu. Liko wazi, unaliona kwenye picha, unajua unanunua nini, na unajua kuna mwanamke aliyeivaa. Mswaki umefanywa kwa siri ili mtu alipe zaidi. Hiyo ndiyo tofauti ambayo wakongwe wangu mnajifanya hamuioni.

Wale wa "mali ya Mjerumani", wanaoamini rupia ina miujiza, wanaokuja kuuliza kama rupia yangu inavuta mchele na kama inakata mtandao wa simu, sina muda nanyi leo. Rupia moja ina fedha safi kama gramu 10.7, haina zebaki wala jini, na hakuna Mzungu hotelini anayeisubiri na milioni mia. Ila nanyi acheni kuzisugua kwa msasa ili mwaka uonekane kwenye picha. Mwaka upo, tumieni taa.

Ninachotaka ni hiki. Wasimamizi mshushe ule uzi wa ndimu na ukwaju, au mbandike juu yake onyo la herufi kubwa. Muuzaji aandike kwenye tangazo kama sarafu imeoshwa, na kama hajui aseme hajui. Picha zipigwe bila mwanga wa simu, sarafu ikiinamishwa, si kuimulika usoni mpaka mikwaruzo yote inapotea. Na ikirudi na doa la kusuguliwa huku muuzaji aliandika "haijaguswa", arudishe pesa, mkongwe au mgeni. Kama hilo ni gumu basi tuondoe pale juu maneno "jukwaa la waungwana".

Na wauzaji mjifunze basi hata kinachouzwa. Juzi kuna tangazo la "heller ya 1892". Heller zilianza 1904. Kabla ya hapo sarafu ndogo ilikuwa na jina la pesa, 64 kwa rupia moja. Hiyo 1892 uliyonayo ni pesa, na imesuguliwa.

NYONGEZA: Naona maswali yanajirudia, najibu hapa kwa pamoja.

Aliyeuliza kama naweza kuvunja kasha na kuipeleka kwa kampuni nyingine ya kupima: naweza, watu wanafanya, na wakati mwingine bahati inaangukia mtu. Mikwaruzo haitaondoka. Sitoi ada ya pili kwenda kusomewa hukumu ile ile.

Dada uliyeuliza utajuaje kabla ya kununua: omba video fupi, sarafu inazungushwa taratibu chini ya taa moja. Mwanga ukitembea, endelea na mazungumzo. Ukikaa mahali pamoja, au muuzaji akikwambia kamera yake mbovu, muage. Angalia pia ndani ya herufi: kama uwanda ni mweupe pe halafu katikati ya herufi kumebaki weusi, mswaki umepita hapo na haukufika kwenye kona.

Aliyesema natafuta umaarufu: nilichotafuta ni rupia.

Na yule mkongwe ameshaingia kusoma, nimeona jina lake hapo chini kwenye orodha ya waliomo, kasoma akatoka. Mzee wangu, kasha silivunji. Nitaiuza siku moja ikiwa ndani ya kasha lake, na doa lake, kwa bei ya doa, na picha zako za tangazo nitaziambatanisha. Tofauti ya bei nakudai.

Mwenye heller 20 ya Tabora, ya shaba nyekundu au ya manjano yoyote ile, mbichi, nyeusi, yenye vumbi lake, aje PM. Asiifute hata kwa kanga. Nalipa vizuri.