LaGuardia Community College, Queens: ni chuo kweli au nitapoteza muda?

Mgeni wa Queens
Hamjambo wote. Nimehamia Queens, hapa jijini New York, nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya mchana. Cheti cha sekondari ninacho. Shemeji yangu ananikataza chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha shahada za miaka miwili, eti kinachukua kila mtu, na chuo kinachochukua kila mtu hakina thamani. Anayekifahamu LaGuardia anieleze: kilianzaje, na mtaa unakitegemea kwa lipi?

Dada wa Thomson Avenue
Karibu sana, mdogo wangu. Nilisoma pale jioni nikiwa na mtoto mdogo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kuchukua kila aliyemaliza sekondari ndilo kusudi la chuo hicho, na watu walilipigania. Mwaka 1969 wanafunzi Weusi na Wapuerto Riko walifunga City College, chuo kingine cha jiji, kwa mgomo. Mwaka 1970 CUNY, chuo kikuu cha jiji, ikawafungulia milango wahitimu wote wa sekondari za jiji. LaGuardia, kimojawapo cha vyuo vya CUNY, kilianza kufundisha mwaka 1971, Long Island City, hapahapa Queens, wakati kazi za viwandani zikilikimbia eneo lile. Badala ya kujenga upya, kiliingia kwenye majengo ya viwanda. Hata kiwanda cha biskuti za Sunshine sasa ni sehemu ya chuo. Napenda sana jambo hilo. Na tangu mwanzo, kwenda kazini kwa muda fulani kulikuwa sehemu ya masomo yenyewe, hivyo waajiri wa jiji walikijua chuo mapema.

Karo ilikuja mwaka 1976, jiji lilipokaribia kufilisika. Kabla ya hapo mkazi wa jiji alisoma bure, na hilo bado linaniuma. Siku hizi mkazi anayesoma mzigo kamili wa masomo hulipa dola 2,400 kwa muhula, mbali na ada ndogondogo.

Sasa mtaa. Shemeji yako akitaka kuelewa, apite pale jioni watu wakitoka kazini. Darasa langu la hesabu lilikuwa na dereva wa teksi kutoka Bangladesh na mama wa Ekuador aliyekuwa na watoto wakubwa kuliko mimi. Wapo wasiotafuta shahada kabisa: wanajifunza Kiingereza, au wanajiandaa kwa mtihani wa kupata cheti cha sekondari walichokikosa. Tangu mwaka 1974 kuna sekondari humohumo chuoni, Middle College High School, iliyoanzishwa kwa ajili ya vijana waliokuwa karibu kuacha shule. Kijana aliyekata tamaa anapishana ukumbini na watu wazima waliorudi kusoma kwa hiari yao. Sijui mtaa mwingine ungempatia wapi nafasi kama hiyo.

Kaka wa Woodside
Dada amesema vizuri, lakini asifiche upande wa pili. Wengi huanza na hawamalizi. Kazi, kodi ya nyumba, watoto. Mlango kuwa wazi hakutoshi.

Dada wa Thomson Avenue
Kweli kabisa, kaka, na CUNY yenyewe ililiona. Mwaka 2007 ilianzisha mpango wa ASAP: mshauri anayekufuatilia kwa karibu, nauli, msaada wa vitabu, na karo isiyofikiwa na misaada mingine inafidiwa. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango na wengine nje, katika vyuo vitatu, LaGuardia kikiwemo. Baada ya miaka mitatu waliohitimu ndani ya mpango walikuwa asilimia 40, nje yake asilimia 22. Watu wa aina ileile, mtaa uleule. Ndiyo maana sikubali mtu akisema wanaoacha ni wavivu.

Mgeni wa Queens
Asante sana, dada. Nataka uuguzi. Nianzie wapi na zamu yangu hii?

Dada wa Thomson Avenue
Uuguzi una kinyang'anyiro: kuandikishwa chuoni hakukupi nafasi moja kwa moja. Kwanza unasoma masomo ya msingi na alama ziwe za juu. ASAP inadai mzigo kamili, yaani krediti (pointi za masomo) 12 au zaidi kwa muhula, kwa hiyo ongea na mwajiri kuhusu zamu kabla hujaomba. Na umuulize mshauri tangu wiki ya kwanza ni krediti zipi zitapokelewa ukihamia chuo cha miaka minne, maana shahada za miaka miwili si za aina moja. Shuka kituo cha 33rd Street, treni namba 7. Nenda na cheti chako.