Wageni wakifunga maduka Mwanza tunapona au tunakwama?

FremuMakoroboi: Wakuu habari za mchana, naombeni mawazo ila tusitukanane. Nauza vyombo na mabeseni hapa Makoroboi, mzigo mwingi nachukua kwa mgeni mmoja mwenye godauni, anashusha kontena lake mwenyewe. Bei yake inanilipa kuliko kufunga safari ya Kariakoo, shida jioni huyohuyo anamuuzia mama wa mtaani beseni mojamoja kwa bei ileile aliyonipa mimi ya jumla, sasa mteja aje kwangu kufata nini? Tangu tangazo la Julai 2025 liwakataze wasio raia biashara 15 watu huku wanashangilia, mi nashangilia nusu. Akiondoka mzigo natoa wapi?

DagaaKavu: Wageni gani unaowasema? Maana huku Mwaloni Kirumba Wakongo na Warundi wasipotokea, dagaa inashuka bei, wabeba mizigo wanakaa vijiweni na mama ntilie anarudi na wali wake nyumbani. Ata mabondo ya sangara (vile vibofu vya ndani ya samaki), bila soko la China nani angelipa ile hela wakati zamani yalikuwa yanatupwa? Anayenunua cha kwetu akapeleka kwao mi namtaka ata kesho. Wa kugombania nae mteja wa beseni hapo nipo na wewe.

LeseniMkononi: Someni tangazo lenyewe jamani. Limetaja jumla na rejareja, uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, saluni (isipokuwa ya hotelini au ya watalii), ata kununua mazao shambani. Supamaketi zimeachwa. Mgeni akikamatwa faini haipungui milioni 10 au jela hadi miezi 6. Mtanzania anayemsaidia ni milioni 5 au miezi 3, na hapo ndo nacheka coz kuna fremu leseni ina jina la shemeji wa mtu kule Nyegezi ila anayehesabu hela jioni ni mwingine kabisa. Alafu msichanganye, Wahindi wengi wa mjini hapa ni raia, babu zao wamezikwa hapahapa.

WingaRwagasore: Mi nimeajiriwa kwa mgeni. Mkataba hamna, ila ijumaa hela yangu naipata, bosi wa kwanza mbongo mwenzangu kila mwisho wa mwezi alikuwa na msiba. Na fremu wageni hawajachukua kwa nguvu, ni mwenye nyumba kaona mtu anatoa kodi ya mwaka mzima na kilemba juu akamtoa mpangaji wa siku zote. Mbona huyo hatumsemi?

BabuWaPamba: Vijana, hili Usukumani sio jipya. Wazee wetu walikuwa wanapunjwa kwenye mizani ya pamba na wanunuzi wa Kihindi. Hawakukaa kusubiri tangazo, kina Paul Bomani wakawaunganisha wakulima wakapima wenyewe, 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria na baadae likamiliki vinu vya kuchambulia. Yaliyofuata nayo hayakuwa matamu, wezi walikuwemo humohumo na 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika. Ila mizani tulikuwa nayo. Nyie wauza vyombo kontena mnalo?

FremuMakoroboi: Shikamoo mzee, hatuna. Tatizo kontena moja linataka mtaji ambao sisi wa fremu moja moja hatuufikii, na tukichanga hela anashika nani? @WingaRwagasore we unaona makaratasi ya bosi, njoo inbox uniambie ushuru wa bandarini na lori mpaka huku vinakula kiasi gani. Waliopo Mlango Mmoja mnaouza vyombo nao wajitokeze.

WingaRwagasore: Nakuja kaka, ila jina langu usilitaje.