Mpwa wangu alifunga Ramadhani nzima bila kukosa siku, nami nikamsifu

KhalatiLangoni

Assalam aleikum. Niko Lamu, Langoni, kazi yangu kupaka maharusi hina na piko. Naishi na mtoto wa dada yangu, miaka 17, yuko kidato cha tatu. Ramadhani iliyopita alifunga mwanzo hadi mwisho. Mwari aliyevunja ungo miaka mingi, na hakukatika hata siku moja! Nyumba nzima tukamsifu kwa ibada. Sita za Shawwal akaziunganisha papo hapo, maana hakuwa na deni la kulipa. Kisha Jumatatu na Alhamisi. Sasa hata Jumanne humkuti akila.

Nilizinduka siku ya hina ya harusi ya binamu yake. Nilimshika mkono nimchore, nikaukuta baridi kama uliotoka kwenye friji, na joto la Lamu mnalijua. Kutoka kiwiko hadi kiganja ameota malaika, vile vinywele laini vya kichanga, ambavyo hakuwa navyo. Kesho yake hina za wenzake zimekoza, yake imetoka rangi ya chungwa. Chini ya buibui mwili hauonekani, na mimi nilikuwa siuulizi.

Kupika anapika yeye. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, anatupakulia na kutuhimiza tule. Yeye mwenyewe mkate wa mofa anaumega vipande kama punje za mchele, anavisogeza huku na huku sahanini, na paka wa uani ndiye anayenona. Anasema ni mnene. Wallahi mbavu zinahesabika.

Na nikiri: mwezi wa Rajabu, akijaribu gauni la harusi, nilimwambia mbele ya watu, "Mwanangu punguza, hili halitakuingia." Huu ni ugonjwa gani, na nianzie wapi?

BabaMkomani

Dada yangu, hiyo ni hasadi. Mtoto amesifiwa mno. Asomewe, kisha mpakulieni pilau sahani nzima na asiinuke mpaka aimalize. Haya maradhi ya kujinyima chakula ni ya wazungu.

MuuguziMalindi

Baba, kusomewa na asomewe, hakuna anayekataza. Hiyo sahani ya pilau ndiyo nakuombeni muiache. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akishindiliwa chakula ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu katika damu huporomoka, na moyo unaweza kusimama. Ilionekana kwa wafungwa wa Vita Vikuu vya Pili walipokombolewa na kulishwa. Huanzishwa kidogo kidogo, huku damu ikipimwa.

Khalati, unayoyaeleza yanafanana sana na anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, ila wa kuthibitisha ni daktari atakayemwona. Hedhi hukatika mwili ukiishiwa akiba. Malaika huota mwili ukijaribu kujifunika. Mapigo ya moyo hupungua, nywele hukatika, baridi haimtoki. Na akijitazama kiooni haoni unachokiona wewe. Hakudanganyi anaposema ni mnene. Muulize faraghani mara ya mwisho aliziona siku zake lini. Hospitali watampima na mimba, ni kawaida yao, msione vibaya. Omba apimwe potasiamu na umeme wa moyo. Akizimia, au moyo ukimwenda mbio ovyo, msingoje kukuche.

Na kuhusu wazungu: Fiji ni visiwa, na huko mwili mnene ulikuwa sifa. Televisheni ilifika wilaya moja mwaka 1995. Watafiti waliporudi 1998, asilimia 11 ya wasichana wa sekondari waliohojiwa walisema wamejitapisha ili wapungue. Miaka mitatu nyuma hakuna hata mmoja aliyesema hivyo. Wetu leo wanalala na simu mkononi.

Saumu nayo, mgonjwa ameruhusiwa kufungua, imo katika Surat al-Baqara. Sheikh anayemheshimu akimwambia, huenda likamwingia kuliko likitoka kwako.

BintiMaweni

Nami ni wa hapa Malindi. Yangu ilikuwa bulimia, kula kwa pupa kisha kujitapisha, na sikukonda, ndiyo maana hakuna aliyejua kwa miaka minne. Nilikuwa nashinda na njaa, jioni nanunua viazi karai na mahamri ya watu sita, najifungia chumbani, nakula hata ladha siisikii. Kisha bafuni, nafungulia bomba maji yapige kelele. Khalati, wewe unashika mikono ya watu: wangu ulikuwa na sugu juu ya vifundo vya vidole, pale meno yanapokwaruza ukijitapisha. Mashavu yalivimba kama ya mwenye matubwitubwi. Aliyenigundua ni daktari wa meno, aliona meno ya mbele yameliwa na asidi kwa upande wa nyuma. Akaniambia nikitapika nisipige mswaki hapo hapo, nisukutue maji tu. Hakunigombeza, na kwa sababu hiyo nilirudi.

Dada yangu yeye hula vile vile kwa pupa mpaka aumie tumbo, ila hatapiki. Huo nao ni ugonjwa, si ulafi. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliupa nafasi yake mwaka 2013.

Lile neno la gauni, usijibebeshe ugonjwa wote, neno moja halitoshi kuuleta. Lakini mwombe radhi. Na usimsifu wala usimkosoe mwili tena, hata akianza kupona. Mimi niliposikia "umependeza, umejaa", nilirudi bafuni siku hiyo hiyo.

KhalatiLangoni

Nimesoma nikilia. Jana usiku nilimwita darini, wawili tu. Siku zake hajaziona tangu Rajabu. Nikamwomba radhi. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema anachoka kupanda ngazi na usiku akilaza kichwa kwenye mto anausikia moyo wake ukipiga. Leo asubuhi hospitali wamehesabu mapigo 44 kwa dakika, wametoa damu, na wametaka umeme wa moyo upimwe Malindi. Kesho tunapanda boti ya saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mokowe, tushike basi.

Ameniuliza kama nitaingia naye kwa daktari. Nimemwambia nitaingia. Jioni hii amekunywa nusu kikombe cha uji, na paka nilikuwa nimemfungia nje.