Jaribio la Lucas-Lehmer linakataa 2^31 − 1 ilhali ni namba tasa

kokotoa31
Habari wakuu. Nafanya jaribio la Lucas-Lehmer, la kupima kama M = 2^p − 1 ni namba tasa, kwa JavaScript: naanza na s = 4, kisha narudia s = (s*s - 2) % M mara p − 2 (% hutoa baki la kugawanya); mwisho ukiwa 0, M ni tasa. Kwa p = 7 napata 14, 67, 42, 111, 0, sawasawa. Kwa p = 31, M ni 2147483647. Raundi ya 4 inatoa 1416317954, ya 5 inatoa 669670836, na ya 29 haifiki 0. Kosa liko wapi?

mwanabaki
Raundi ya 5 ilipaswa kuwa 669670838. Umepungukiwa 2, na hiyo 2 ndiyo inayofichua tatizo. Namba za kawaida za JavaScript hushika namba nzima bila kukosea hadi 2^53, yaani kama 9 × 10^15. Mraba wa 1416317954 ni kama 2 × 10^18. Kwenye ukubwa huo namba zinazohifadhika zinapishana kwa 256, kwa hiyo mraba wako umeshushwa kwa 4, halafu ile "- 2" ikamezwa na ukadirishaji. Kuanzia hapo kila raundi imeharibika.

Tumia BigInt, aina ya JavaScript ya namba nzima kubwa ambayo huandikwa na n mwishoni: M = 2n**31n - 1n, s = 4n, na unapotoa andika 2n. Ukisahau n moja, programu itagoma kuchanganya aina mbili, na ni heri igome kuliko ikupe jibu baya kimyakimya.

BintiVigawo
Kwa wanaotumia C, uint64_t (namba nzima ya biti 64) inatosha hapa maana mraba hauzidi biti 62; kwa p = 61 haitoshi. Badala ya % wengi hutumia (x & M) + (x >> 31), yaani biti 31 za chini za x kujumlisha na biti zilizobaki juu, kwa kuwa 2^31 ikigawanywa kwa M hubaki 1. Mtego wake: x ikiwa zaidi ya 0, njia hii haitoi 0 kamwe. Kigawe cha M (M mara namba nzima) huishia kwenye M yenyewe, hivyo raundi ya 29 inaonyesha 2147483647 na programu inatangaza "si tasa". Ikitoka M, igeuze iwe 0.

kokotoa31
BigInt imekubali, shukrani. Naweza kuhakiki kwa njia nyingine?

mwanabaki
Kwanza tazama raundi ya 28: lazima iwe 65536 au 2147418111, kwa sababu 65536 mraba ni 2^32, ambayo hubaki 2.

Pili, njia ya Euler, aliyethibitisha namba hii mwaka 1772. Kigawo tasa chochote cha 2^31 − 1 hubaki 1 kikigawanywa kwa 62, na hubaki 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Kwa hiyo kina umbo la 248k + 1 au 248k + 63. Kipeuo cha pili cha 2^31 − 1 ni 46340 na ushee, basi k inakwenda 1 hadi 186: majaribio 372 tu, na ukiruka yanayogawanyika kwa 3, 5 na 7 yanapungua sana.

BintiVigawo
Jaribu pia p = 11. Raundi ya 9 lazima itoe 1736, maana 2047 ni 23 × 89. Programu ikitoa 0 hapo, bado ina kosa.